Spana Namba Kumi na Tano

Jumamosi, jua likishaegemea paa la jirani,
naipindua baiskeli, usukani chini, tandiko chini,
miguu juu kama mbuzi wa sikukuu.
Nyamizi ananiletea sahani ya gololi na mafuta ya taa.
Spana namba kumi na tano iko mfuko wa nyuma;
imechora duara lake kwenye suruali zangu zote.

Jozi ya kwanza ni ya mchanga wa Ndevelwa:
matairi mapana, spoki nene arobaini nyuma,
ringi yenye kovu la kisiki cha mninga.
Imebeba madumu ya asali,
imebeba mizinga mitupu, imebeba shemeji mwenye homa.
Haijui haraka.

Jozi ya pili ni ya lami.
Nyembamba, ukiizungusha inasahau kusimama.
Ya benki, ya msibani, ya kwa dada yangu Cheyo
asiyependa mchanga barazani kwake.

Jirani yangu Msabila ana baiskeli tatu.
Ya maji, ya mjini, na ya tatu hajasema.
Zinalala chumba cha wageni; wageni wanalala jikoni.
Akinikuta nimechafuka hadi viwikoni
anasimama, mikono nyuma, kama mkaguzi:
"Nunua ya pili upumzike, bwana.
Chombo gani hiki kinachobadilishwa viatu kila wiki?"
Namwambia fremu hii naijua,
najua inapolia na kwa nini.
Zako tatu, ipi inakujua?
Anacheka, anarudi kwake kujaza upepo.
Matairi sita si mchezo.

Lakini nisidanganye.
Mnyororo ukizoea meno ya jozi moja
unaruka ukikutana na ya pili, tak, tak,
hadi Jumanne ndipo unasamehe.
Na raba za breki hazizifikii ringi nyembamba;
nizisogeze, kesho nizirudishe,
na siku moja nikasahau
nikamwingia muuza nyanya pale Isevya.
Nililipa sado nzima. Tulikunywa mchuzi siku tatu
na Msabila alikuja kuonja.

Mwaka huu mwanangu Shigela kapata fremu mnadani,
ya bluu, tupu, bila mguu hata mmoja.
Hakuomba. Aliitazama tu jozi ya lami
iliyoning'inia ukutani kwa kamba ya katani,
akauliza, "Baba, hii wiki nzima inafanya nini hapa?"

Niliitungua mwenyewe.
Niliifunga mwenyewe, nati nne,
na ya mwisho nikaikaza polepole kuliko ilivyohitaji.

Sasa nina fremu moja, jozi moja, kama watu.
Kwa dada naenda na matairi ya mchanga,
naiacha nje ya uzio kama mbwa.
Jumamosi mkono unaenda mfukoni wenyewe,
unakuta spana, unairudisha.

Jana Shigela alikuja. Kaegemeza yake ukutani, kaingia kula.
Nikaipindua taratibu, isigonge.
Nikazungusha gurudumu la mbele, nikatega sikio:
gololi moja ilikuwa inatafuna chumvi.
Nikafungua, nikapaka grisi, nikakaza,
nikaisimamisha vilevile alivyoiacha
na kwenda kunawa kwa majivu.

Alipofika barabarani akageuza shingo, akapaza sauti:
"Mama! Wali wako una nguvu,
baiskeli imekuwa nyepesi!"