Posa, Huddersfield

Mabinti zangu pacha, wa mti wa jozi,
kilo arobaini kila mmoja. Niliwapandisha ngazi
mimi na Gledhill fundi bomba, yeye akilaani kila kidato.
Ukinzani omu nne, hushuka hadi tatu
ngoma ikilia chini. Wanakula umeme, hawa.

Aliyetangulia kuwaposa alikuwa mwembamba,
amplifaya ya wati thelathini.
Kwenye taarabu ya pole alijikaza kiume.
Besi ilipoingia akatokwa jasho, akazimia.
Nikamrudisha dukani mvuani, nimemviringa taulo.

Ackroyd, mshenga, miwani shingoni kwa kamba,
akanitolea jabali: wati mia tatu,
mbavu za chuma, bei ya gari.
"Huyu hachoki."
Kweli hachoki. Wala hapumui.
Fidla zote kazinyoosha kama shuka za hospitali,
nami nimekunja shuka hizo miaka ishirini na sita.

"Na yule?"
Rafu ya chini, mtumba, wati themanini,
kitufe kimepauka, na mgongoni
mtu kaandika kwa kalamu ya wino:
*Taratibu na waya wa kushoto.*

Tukamuunganisha, taratibu.
Nikaweka santuri yangu, ile yenye mkwaruzo mwanzoni.
Mpiga kanuni akavuta kiti, akaketi.
Kiti!
Kumbe siku zote hizo
nilikuwa nikiifuta kwa kitambaa.

Ackroyd akataja mahari. Nikataja yangu.
Akatazama mvua dirishani,
akaenda kutafuta boksi.