Matangazo, Jumapili ya Kumi na Tisa baada ya Utatu

Miaka ishirini na miwili nasimama hapa
kati ya mahubiri na sadaka,
karatasi mkononi, miwani puani,
na kila nikisema "Pili," watoto huanza kukohoa.

Leo ni haya.

Askofu atafika tarehe nane, kwa kipaimara.
Watoto ni thelathini na mmoja. Viatu ni vyeupe.
Asiye na vyeupe avae alivyo navyo
(hayo ya mwisho nimeyaongeza mimi).

Umoja wa Akina Mama watakutana kwa Bi. Persis Mkaluma,
Changamwe, nyuma ya ghala la chai.
Kila mtu aje na kijiko chake:
vya mwaka jana viliondoka ishirini
vikarudi kumi na kimoja.

Majirani wa msikitini tunawashukuru kwa maji,
siku ile bomba letu lilipotema vumbi
na wajumbe wa sinodi wameshashuka basini.
Mitungi mitatu ya Maalim Bakari ingali kwetu.
Aliyeugeuza mmoja kuwa pipa la unga aurudishe.
Tunamjua.

Tangazo la ndoa, mara ya pili ya kuuliza:
Elkana Jefwa, mseja, wa Mikindani,
na Salome Wakesho, wa papa hapa.
Mwenye kujua kizuizi na aseme.
Kimya. Feni peke yake ndiyo inayonguruma,
na feni hiyo imepinga kila ndoa
tangu mwaka wa Elnino.

Sasa, paa.
Mnaokaa safu ya nne mnalijua kwa mabega.
Waraka wa dayosisi wasema: kila bahasha na namba yake,
na namba isiyolipa isomwe, jina na deni,
ili tutiane moyo.

Niliyachapa jana usiku, majina arobaini na matatu.
Nimeyasoma leo koo likiwa kavu,
watu wakikagua sakafu kana kwamba ni mpya,
Habel Mwakio akicheka, maana yeye pesa anazo,
anachokosa ni kukumbuka.

Lakini bahasha mia moja na kumi na nne,
ya mama auzaye viazi karai
karibu na lango la kiwanda cha mafuta,
ilinifikia Jumatano, nyepesi.
Ndani, kipande cha gazeti la kufungia,
duara la mafuta katikati,
na pembeni mwandiko wa mtu aliyefunzwa herufi ukubwani,
darasa letu la jioni, benchi la nyuma:
*Nitaleta mwezi ujao. Msinisome.*

Msinisome.

Nimesoma nyaraka za maaskofu watatu.
Nimesoma vifo, nimesoma uhamisho wa makasisi
tuliowapenda na tuliowavumilia.
Nimesoma kifo cha mume wangu mwenyewe,
mstari wa tatu, kati ya kwaya na usafi wa choo.
Hakuna aliyewahi kuniomba nisimsome.

Kutoka mia moja na kumi na tatu
nikarukia mia moja na kumi na tano,
kama mtu arukaye dimbwi
ameshika pindo la kanzu.

Baada ya baraka Kasisi Lewa akanifuata
chumba cha majoho. Alikuwa karani wa benki
kabla ya kuitwa, na benki haijamtoka.
"Mama Katibu, orodha ina arobaini na matatu.
Nimehesabu arobaini na mawili."

Nikampa karatasi. Nilikuwa nimekwisha kulilamba
dole gumba na kulipitisha juu ya wino.
"Imelowa, Mchungaji. Hapo ndipo panapovuja."

Akatazama dari.
Akatazama dirisha, jua limejaa pomoni;
Mikindani haijaona tone siku kumi na sita.
Akatazama dole gumba langu, jeusi.

Akanirudishia.
"Basi andika, kwa Jumapili ijayo:
paa letu linavuja hata kiangazi."

Nimeandika.
Ni tangazo la nne, baada ya mitungi.