Sarafu ya Lifti

Nimerudi Tbilisi na tetri kumi kiganjani,
sarafu niliyoisahau ndani ya mfuko wa koti
siku ile ya basi la Thesaloniki,
nikaitunza miaka kumi na minane
kama mtu atunzavyo jino la mwanawe.

Mto Mtkvari bado una rangi ya chai ya maziwa.
Hilo sikulitilia shaka.
Niliyemshuku ni mimi, kama ningeijua njia
bila kuuliza. Na kweli, niliuliza,
na kijana wa duka la simu akanijibu kwa Kiingereza,
polepole, kwa huruma,
kama ajibiwavyo mgeni.

Mimi! Niliyefundisha hesabu shule ya ng'ambo ile,
niliyepanga foleni ya mkate katika giza la Januari,
umeme ukiwa hadithi,
mshumaa mmoja kwa familia tatu,
na Tsiuri wa ghorofa ya tano akipiga piano
kavaa glavu zilizokatwa vidole.

Jengo limesimama palepale, limechakaa kwa adabu.
Mzabibu umepanda hadi ghorofa ya tatu,
umezing'ang'ania nguo za watu kambani.
Wazee wa domino hawapo. Meza yao ipo,
imebanwa na magari mawili.
Harufu ya mkate tu ndiyo iliyonipokea:
mwokaji bado anainamia tanuri la udongo
hadi kiunoni, kama aliyedondosha pete kisimani.
Si Otari. Mwanawe labda. Au mtu tu.

Lifti iliikataa sarafu yangu.
Hata tundu la kuitumbukiza hakuna,
kuna kijitaa chekundu kinachodai kadi.
Basi nikapanda ghorofa nane kwa miguu,
kwa magoti niliyoyamalizia
kwenye sakafu za bibi Evanthia,
nikimwinua, nikimgeuza, nikimlaza,
naye akiniita kwa jina la bintiye aliye Melbourne.
Kila mmoja wetu alikuwa akilea mama wa mwenzake.

Wa kwangu nilimzika kwa simu.
Jeneza halikungoja karatasi zangu.
Nilituma pesa: za shada, za divai, za meza ya matanga.
Risiti ninazo.

Ghorofa ya tano, kengele ya Tsiuri ina jina jingine.
Ya sita, mtu anakaanga vitunguu.
Ya saba nikakaa ngazini,
na si kwa sababu ya pumzi.

Ya nane. Mlango siku hizi ni wa chuma,
na ufunguo wangu ni wa mlango wa mbao
ambao pengine uliota moto wa jiko la mtu.
Sijabisha hodi bado, ukafunguka:
mtoto wa kike, kipande cha mkate mkononi.
"Unamtafuta nani?"

Nikafungua kinywa,
na neno la kwanza kutoka lilikuwa la Kigiriki.

Nyuma yake ukuta umepakwa kijani,
kijani ambacho mama asingekiruhusu hata chooni.
Lakini dirisha ni lile, na ndani ya dirisha
mlima na mnara wake,
palepale nilipouegemeza.

"Nimekosea ghorofa," nikasema.

Alinitazama usoni, akatazama magoti,
akabonyeza kitufe cha lifti kwa kiwiko
maana vidole vilikuwa na siagi.
Nikamwonyesha kwamba sina kadi.
"Kushuka ni bure, bibi. Hukujua?"
Nilijua.
Nilikuwa nimesahau kwamba nilijua.

Nikampa tetri zangu kumi. Akazigeuza.
"Hizi zinanunua nini?"
Nilikuwa bado natafuta jibu milango ilipojifunga.

Saba. Sita.
Ya tano ikasimama yenyewe, bila kuitwa,
ule ugonjwa wake wa zamani,
ikafungua mlango, ikangoja,
hakuingia mtu,
ikafunga.