Sekunde Kumi na Moja

Mimi ndiye mkono usioonekana chumbani.
Kazi yangu kusikia na kuandika,
kufuta "aa" na "mm" za waheshimiwa,
kunyoosha sentensi iliyopinda
nikiiacha nia ya msemaji na kilema chake.
Miaka kumi na tisa hapa London. Sijauliza swali hata moja.

Jumanne, Kamati ya Biashara na Nishati.
Mvua tangu usiku, mto umefika kooni mwa ukuta.
Wajumbe tisa; watano ni wa chama cha Waziri.
Kinyozi hajinyoi, nalijua hilo,
ila leo mwenyekiti, Bi. Gwenllian Prosser,
amekuja na wembe.

Shahidi: Morwenna Trelease, fundi,
kutoka Kornwali, grisi imemganda kuchani.
Akatoa mfukoni pete ya mpira, nyeusi,
upana wa bangili ya mtoto,
akaiweka juu ya makabrasha ya Serikali.
"Hii ndiyo inayozuia chumvi isiile mashine
inayokamua umeme kwenye mawimbi.
Niliibuni bandani kwa baba. Baridi ya kwanza ilivuja.
Ya pili ikavuja. Ya tatu, kimya.
Hataza ninayo, na namba yake naijua kwa moyo.
Wakili ndiye sina:
saa yake moja ni mshahara wangu wa wiki.
Na kampuni mliyoipa ruzuku
inauza pete hiihii. Wameibadilisha rangi tu.
Kijani."

Mtu akacheka.
Nikaandika: (Kicheko).
Kicheko kina mabano yake.

Bwana Harbottle, mbunge wa kaskazini,
akasoma barua ya mpiga kura wake,
mjane anayechemsha maji mara moja kwa siku,
ya chai ya asubuhi, ya chai ya jioni,
na yanayobaki kwenye chupa
anayalaza miguuni, ndani ya soksi.
"Anauliza umeme wa bahari utafika lini."
Waziri alitikisa kichwa kwa huzuni iliyopigwa pasi.
Kutikisa kichwa hakuandikwi.

Kisha Prosser akavua miwani.
"Waziri, kabla ya kutoa milioni arobaini,
kuna yeyote wizarani aliyeuliza
pete hii ni ya nani?"

Hapo.

Msaidizi nyuma alipekua faili,
akapekua tena, kama atafutaye funguo
katika koti asilolivaa.
Kikaratasi kikapita juu ya bega.
Waziri akakisoma, akakigeuza;
nyuma kulikuwa kweupe.
"Nitaiandikia Kamati," akasema.
Maneno hayo nina kitufe chake;
nikikibonyeza mara moja, yanajiandika yenyewe.

Jioni, masikioni vipokea sauti,
nilirudia kipande kile mara nne.
Mvua. Karatasi. Mtu anameza mate.
Sekunde kumi na moja.
Kwenye taarifa rasmi, swali na jibu
yamegusana, bega kwa bega,
ungedhani Waziri alikuwa na jibu mdomoni.
Nikaacha mstari mmoja mtupu katikati.
Mhariri wangu, Fenwick, mtu mwema,
akaufunga. "Tunaandika yaliyosemwa," akanikumbusha,
akanipa biskuti.

Barua ya Waziri ilikuja wiki ya tisa.
Aya mbili. Pete haimo.

Lakini jioni ileile, nikipita kuzima taa,
niliikuta mezani, imesahauliwa,
imeacha duara la grisi
juu ya neno "mkakati".
Nikaishusha kwenye dawati la vitu vilivyopotea.
Mlinzi akanisukumia fomu:
Kitu gani. Kimeokotwa wapi.
Mwenye mali ni nani.

Nikaandika jina lake lote,
kwa herufi kubwa,
na kalamu haikusimama.