Sweta Tatu

Mchezo wenyewe siujui.
Nimeuona mara moja, kwenye simu iliyopasuka kioo:
watu wenye kofia ngumu wanaangushana,
wanasimama, wanashauriana sana, wanaangushana tena,
na mpira wao umechongoka huku na huku
kama papai changa la Uvira.

Lakini hapa Kadutu, Januari ikifika,
wanaume wanapanda ngazi za udongo hadi kibandani kwangu,
ninapochaji simu kwa franka mia tano,
na hawaulizi umeme utarudi lini.
Wanauliza: "Mama Nabintu, nani anapita?"

Kaka yangu Zihalirwa yuko Buffalo,
mji wa Amerika wenye ziwa, kama huu wetu,
ila ziwa lao linarusha theluji.
Usiku kucha anapanga kuku waliogandishwa kwenye depo.
Kila siku ya mchezo ninamwuliza swali moja tu:
leo umevaa sweta ngapi?

Mbili: kazi ngumu, usiweke pesa nyingi.
Tatu: wenyeji wanashinda, wageni vidole vitawafa.
Nne, na soksi juu ya soksi:
weka hata pesa ya makala.

Kijana wa pale Nyawera anayepokea dau
ana kompyuta, ana asilimia.
Mimi nina kaka anayesikia baridi.

Mara ya kwanza Cirhuza fundi viatu alinunua ngozi mpya.
Ya pili, mwalimu Bashizi, anayehubiri kwamba kamari ni dhambi,
alimtuma mtoto na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Ya tatu sikulala. Saa kumi usiku, giza tupu,
Mweze wa pikipiki akatusomea matokeo
kwenye simu ya mteja, ndiyo pekee iliyobaki na chaji,
mlima mzima ukapiga kelele,
na mbwa wa Nyamugo wakaitikia kama nao waliweka.

Jumapili ya kutafuta watakaocheza fainali, nikauliza.
Jibu likachelewa. Nilikaanga sambaza, nikazima jiko.
Kisha: "Hata moja."

Hata moja!
Nikatangaza nikiwa mlangoni:
huko jua linawaka, barafu imekwisha,
wageni watakimbia kama wako kwao. Wekeni kwa wageni.
Wakaweka. Bashizi alikuja mwenyewe, mchana kweupe.

Usiku ule theluji ilianguka mpaka mistari ya uwanja ikapotea.
Mweze alinionyesha: weupe, weupe, nguzo mbili za njano.
Wenyeji walishinda, vinywa vinatoa moshi.

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali.
Cirhuza alichukua simu yake, chaji nusu,
akalipa yote.

Jumatatu nikampigia Zihalirwa kwa hasira
na kwa salio la kukopa.
Akasema depo imewapunguza watu tangu Jumatano.
Akasema alishinda kitandani, chini ya blanketi la shirika,
hakutoka, hakuwa na pa kwenda,
sasa sweta za nini.
Akanyamaza. Kisha: "Kwani kila wiki
ulikuwa unauliza kwa nini? Mimi nilidhani
unanionea huruma ya baridi."

Nikatazama nyaya zangu,
simu kumi na nne, taa ndogo nyekundu kumi na nne.
Nikamwambia ndiyo.

Fainali bado siku kumi.
Wameanza kupanda ngazi tena, mmoja mmoja,
kama watu wanaopita tu.
Swali la wiki hii nimekwisha kutuma:
umekula nini?

Amejibu: mkate.

Cirhuza amesimama mlangoni, kofia mkononi,
anasubiri nimwambie
mkate ni timu gani.