Daftari la Madeni

Ofisi ya chuo ilitujibu: majina yenu hayapo.
Mvua ya mwaka fulani ilipenya bati,
mchwa wakamaliza kilichosalia.
Promosheni nzima, watu mia na kumi na wanane,
tumekuwa vumbi jekundu ndani ya kabati la chuma.

Basi tukaenda kwa Papa Kapend.

Yeye hakuwahi kusoma pale.
Hakuketi hata siku moja kwenye zile benchi
zilizotuchania suruali.
Lakini kibanda chake, kando ya barabara ya Kasapa,
nyuma ya kichuguu kinachoupita mlango kwa urefu,
ndicho kilichotusomesha:
mashine moja ya kopi, betri ya lori,
harufu ya wino uliopashwa moto.
Sillabusi zilikuwa ghali, bukari tuliila mara moja kwa siku.
Yeye alitoa kopi, akaandika.

Alifungua sanduku, akatoa daftari
lenye jalada lililoshonwa kwa uzi wa gunia.
Humo tulikuwamo wote.

Nkulu, jiolojia, kurasa arobaini, hajalipa.
Chola Mwewa, sheria, kurasa kumi na mbili,
nusu amelipa, nusu ameleta masuku.
Kyungu, anasema Ijumaa.
Kyungu, anasema Ijumaa.
Kyungu, Ijumaa ipi?

Tulicheka hadi tukashika ukuta.
Kyungu sasa ni jaji kule Kolwezi,
anaahirisha kesi za watu kwa sauti ileile.

Na mimi. Musau, hisabati, kurasa sita,
*analia, usimdai.*
Nilikuwa nimesahau kwamba nililia.

Tukachanga. Tukamletea bahasha nene,
deni lote, na la juu yake kwa ajili ya miaka.
Aliitazama kama mtu anavyoitazama kopi
iliyotoka nyeupe.
“Bana yangu, nikifuta hii yote,
mutarudia nini tena huku?”

Hivyo ndivyo ilivyokatwa shauri, bila mwenyekiti, bila kura:
kila mwaka, wiki ya kutoa digrii,
tunakuja na kila mmoja analipa ukurasa mmoja.
Haruhusiwi kulipa miwili.
Kwa hesabu yangu, Nkulu, mwenye hamsini na mbili leo,
hana ruhusa ya kufa kabla ya tisini na mbili.

Tukimaliza kulipa tunavuka barabara,
mikononi makopo ya poda,
tunawamwagia wahitimu tusiowajua,
vichwa, majoho, nyusi, vyote vyeupe,
na mama zao wanapiga vigelegele kana kwamba sisi ni wajomba.

Kuna mstari ambao hakuna aliyeugusa.
Mpoyo, kemia, kurasa sitini.
Shimo lilimfunika mwaka wa pili wa kazi.

Mwaka huu alikuja msichana, poda bado kwenye kope,
joho juu ya sweta, maana baridi ilikuwa kali.
Masengo binti Mpoyo. Kemia, kama yeye.
Akaweka faranga juu ya mashine, zimekunjwa,
zimehesabiwa mara nyingi, ilionekana.
“Za baba. Kurasa sitini.”

Papa Kapend akazisukuma zirudi.
“Deni ya baba haiko deni ya mutoto.”

Kimya. Betri inaguruma peke yake.
Msichana akalitazama daftari,
akatutazama sisi, wazee weupe wa poda, mmoja mmoja,
akazirudisha pesa mfukoni.
“Basi nitolee kopi kumi za diploma. Za kuombea kazi.”
Akafikiri kidogo.
“Nitalipa Ijumaa.”

Kyungu ndiye aliyetangulia kucheka,
na ndiye aliyegeuka upande wa kichuguu
akijifuta macho, akilaumu poda.

Mzee akalowesha kidole, akafungua ukurasa mpya,
akaandika jina polepole, herufi kubwa.
Kisha akafunika kioo,
na ule mwanga ukapita chini ya jina la Masengo,
ukarudi, ukapita,
mara kumi.