Usukani wa Pili

Baba aliinunua mashua kwa jasho la miaka thelathini ya kuvuna kome,
akaipa jina la mamake, Dosinda,
na tangu siku ile akaiendesha kutoka juu,
kwenye kiti kirefu kilicho juu ya paa,
ambako anaviona visiwa, anauona mnara wa kanisa la Cambados,
anaona kila kitu
ila tezi.

Ukuta wa gati unamjua.
Una michirizi ya buluu kwa kila kimo cha maji:
huu wa Pasaka, huu wa harusi ya Brais,
huu wa siku aliyosema mkondo ulimsukuma,
ilhali maji yalikuwa yametulia kama mchuzi uliopoa.

Mimi nilikaa chini, kamba mkononi:
mita mbili! mita moja! simama, Baba, simama!
Injini hula maneno. Upepo hula makombo.
Kilichomfikia ni mdomo tu, ukifunguka na kufumba
kama wa samaki.

Ndipo fundi Eladio akaja na kisanduku chake,
akatoboa pembe ya kulia, nyuma kabisa,
akapachika vipini viwili vifupi, kitufe, taa ndogo,
na kifuniko cha kuzuia chumvi.
Usukani usio na gurudumu.
"Hapa," alisema, "ukuta unaugusa kwa kiwiko."
Baba akalipa, akashukuru,
akaweka ndoo ya chambo juu ya kifuniko.
Miaka miwili.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama, alisema.
Nikamjibu: nahodha ni mmoja, ni miguu tu inayohama.
Akalitazama goti lake bovu.
Hatukuendelea.

Oktoba. Upepo wa kaskazini, maji yakikupwa,
na kushoto kwetu boti ya Mreno, nyeupe,
inang'aa kama jino la kununua.
Nikaiondoa ndoo.
Nikabonyeza.

Taa ikapepesa, haikutulia.
Eladio alinifunza: kituo cha chini hakipokei
hadi vipini vya juu viwe huru, vyote viwili;
mashine hii hainyang'anyi, inangoja ipewe.
Pi, pi, pi, ililia.
Mkono wa baba ulikuwa bado kwenye gia.
Sikuuona. Niliona povu tu, chini ya panga la kushoto,
likisema bado, bado.

Sikupiga kelele.
Nilisimama na kidole juu ya kitufe
kama mtu anayebisha hodi
na anajua mwenyewe yumo ndani.

Ukuta ukaja. Nikazihesabu chaza zilizouganda,
kumi na moja, kumi na mbili,
kisha, tak.
Kipini cha kwanza.
Na baada ya kitambo ambacho sitakitaja urefu wake,
tak.

Povu likafa. Taa ikatulia, kijani,
na tani tisa zikaingia viganjani mwangu
bila hata kishindo.

Kulia mbele, kidogo. Huru.
Kushoto nyuma, pumzi moja. Huru.
Kumbe nusu ya kazi ni huko kuacha,
kuiachia mashua imalize ilichokianza.
Tezi ikageuka polepole, ikajilaza;
matairi yakapumua juu ya zege.
Nikaukanyaga ukuta kama anayeshuka kitandani,
nikafunga kamba.

Baba akashuka ngazi kinyumenyume, kipago kwa kipago,
akainama ubavuni, akapitisha kidole gumba
akitafuta mkwaruzo kwa bidii yote,
akaukosa.
"Mreno ana bahati," alisema.

Kisha akaichukua ile ndoo
akawa hajui pa kuiweka.
Akazunguka nayo, tezi na omo, tezi na omo,
mwishowe akapanda tena, goti likimlalamikia,
akaiketisha juu,
kwenye kiti kirefu.